Sitiari na Istiara

Miongoni mwa istilahi za fasihi zifundishwazo shuleni, zipo mbili zinazotutia mashaka: sitiari na istiara. Zote chimbuko lake ni neno moja la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Vitabu vingine huita istiara ule usemi mfupi unaokipa kitu jina la kingine pasipo "kama", yaani sitiari ile ile. Vingine huiweka kwa hadithi nzima inayosimama badala ya jambo jingine, mfano wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya F. Kawegere ya mwaka 1967. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Temeke au Kinondoni, ambaye Kiingereza humpa maneno mawili yasiyofanana, kwenye Kiswahili hukuta irabu zilizohamishwa tu. Na anayekosa alama si mtunga istilahi.

Hatuna ugomvi na mkopo wa Kiarabu, tashibiha imekubalika. Lakini tazama kisasili na kisakale: kisa na asili, kisa na kale. Maana imo ndani ya neno.

Twapendekeza sitiari ibaki, istiara iachwe, na hadithi ya namna hiyo iitwe hadithi-fumbo. Fumbo mtoto hulijua kabla ya kuanza shule.