Geuza Kiti: Namna ya Kuutambua Ufundishaji Mzuri Chuoni

Mgeni aliyetumwa kukagua mhadhara hutafuta kiti kinachomtazama mhadhiri. Huko hutoa kalamu na kuandika: sauti inasikika, slaidi zinasomeka, mada imepangwa, mhadhiri ni mcheshi. Saa ikiisha anasaini fomu na kuondoka, naye hajaona hata mwanafunzi mmoja akifikiri. Anayeujua ufundi huu hukaa mbele kabisa, pembeni, akawapa uso wanafunzi na kumsikia mhadhiri kwa sikio moja tu.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha kwa nini. Mwaka 1970, nchini Marekani, watafiti walimchukua mwigizaji aitwaye Michael Fox, wakampa udaktari wa bandia na wasifu mnono, wakamsimamisha mbele ya wataalamu wa afya ya akili atoe mhadhara kuhusu nadharia ya michezo ya kihisabati na elimu ya madaktari. Hakuijua mada hiyo. Alikuwa amefundishwa kujipinga, kubuni istilahi na kuruka hoja, yote akiyapaka utani na uchangamfu. Kwenye fomu za tathmini wasikilizaji walimpa alama nzuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, na hadi leo ndiyo dawa ninayompa kila anayerudi kutoka ukumbini akisifu kwamba fulani “anafundisha vizuri sana, yaani anaongea!” Sisi wenye Kiswahili tumelelewa kumheshimu mlumbi, kwa hiyo hatari yetu ni kubwa zaidi.

Basi anza na kalamu zao. Ukumbi mzima ukiinamisha vichwa na kuandika kwa kasi, usifurahi mapema. Huenda unatazama imla. Chungulia daftari la aliye karibu nawe. Kama ameandika maneno yaleyale ya slaidi, mkono unafanya kazi na kichwa kimepumzika. Unachokitafuta ni alama ndogo: mshale unaounganisha jambo la leo na la wiki iliyopita, alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa, mfano ambao mhadhiri hakuutoa. Daftari likiwa na kufutafuta, hiyo pia ni dalili njema, maana mtu hafuti asichokifikiria.

Kisha subiri swali. Hapa ndipo mizani ilipo, na hapa nakuomba ukae zaidi.

Swali la bei rahisi kuliko yote vyuoni mwetu ni “Tuko pamoja?” Jibu lake ni “Ndiyooo” ya ukumbi mzima, na halina habari yoyote ndani yake. Hesabu kimyakimya ni mara ngapi linaulizwa kwa saa moja. Likifuatana na “Mmeelewa?” na “Kuna swali?” halafu slaidi ikasogezwa kabla mtu hajameza mate, umeshapata picha. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za watoto miaka ya 1970, aligundua kwamba mwalimu wa kawaida husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Walimu walipofika sekunde tatu, majibu yalirefuka, na waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Chuoni hali si tofauti sana. Jaribu mwenyewe: mhadhiri akiuliza, hesabu moja, mbili, tatu. Utashangaa jinsi sekunde tatu zinavyokuwa ndefu mbele ya watu mia nne, na ni wachache kiasi gani wenye ujasiri wa kuzivumilia bila kujijibu.

Lakini kimya peke yake hakitoshi kama swali lenyewe ni bovu. Swali zuri limejengwa juu ya kosa ambalo wanafunzi wanalo kweli. Chukua hili: basi la abiria limegongana uso kwa uso na bajaji, kipi kimekisukuma kingine kwa nguvu kubwa zaidi? Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza aliyeikariri kanuni ya tatu ya Newton tangu sekondari atajibu bila kusita: basi. Jibu ni kwamba nguvu ni sawa. Bajaji imeumia zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo na mwendo wake umebadilika zaidi. Ukiuliza “Taja kanuni ya tatu ya Newton,” darasa zima linafaulu. Ukiuliza la bajaji, wengi wanaanguka, na hapo mwalimu amejua pa kuanzia.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliligundua jambo hili kwa uchungu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu na kumpa alama za juu kwenye tathmini, lakini maswali mepesi ya dhana, likiwemo la lori na gari dogo, yakawaangusha. Dawa aliyoibuni inafahamika: uliza, kila mtu afikiri peke yake kwa dakika moja, wapige kura, wageukiane na kubishana na jirani mwenye jibu tofauti, wapige kura tena, ndipo ueleze. Ukiwa mtazamaji, angalia kama hatua ya kwanza haikurukwa. Mhadhiri anayesema “jadilini” moja kwa moja, bila kumpa mtu nafasi ya kushika msimamo wake, amewapa wenye sauti kubwa ukumbi wao. Wala usivutwe na vifaa. Wapo wanaotumia programu ya simu, na wapo wanaowaambia wanafunzi waweke vidole kifuani, kimoja hadi vinne, ili jirani asione. Vidole havihitaji bando wala umeme.

Somo lisiwe fizikia pekee. Mhadhiri wa uhasibu anaweza kuuliza: duka limeuza mchele kwa mkopo mwezi Desemba, fedha zikalipwa Januari, mapato ni ya mwaka upi? Aliyekariri maana ya uhasibu wa stahiki atakuandikia ukurasa mzima, halafu aweke mapato Januari. Kwa kanuni hiyohiyo aliyoieleza, mauzo ni ya Desemba. Umahiri wa mwalimu unaonekana kwenye uteuzi wa majibu ya kupotosha: kila moja liwe ni njia ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuipita. Chaguo la kuchekesha lililotiwa kujaza nafasi ni ishara ya uvivu.

Sasa sikiliza lugha ya ubishi huo. Nchini Tanzania mhadhara na mtihani kwa kawaida ni kwa Kiingereza, lakini ukipita kwenye vimbweta vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, jioni utasikia sosholojia, takwimu na sheria za mikataba zikipiganiwa kwa Kiswahili. Kila mhadhiri anajua hivyo. Tofauti iko kwenye anachokifanya nacho. Kuna anayekitumia Kiswahili kwa mambo mawili tu, utani na kufoka, kisha akirudi kwenye hoja anarudi Kiingereza. Wanafunzi wanajifunza kwamba lugha yao haifikirii. Na kuna anayesema, “Bishaneni kwa lugha mnayoitaka, dakika nne, halafu nataka sentensi moja ya Kiingereza kutoka kila safu.” Huyu wa pili amewapa nafasi mbili za kazi, ya kuelewa na ya kuandika, na hajaivunja kanuni yoyote ya chuo. Kwangu mimi hiki ni kipimo kizito kuliko slaidi zote.

Haki itendeke, hata hivyo. Mwenye wanafunzi 600 na kipaza sauti kinachokatika asipimwe kwa mizani ya mwenye ishirini kwenye meza ya mviringo. Mhadhara nao haujafa. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: kwenye mihadhara ya kusikiliza tu, kwa wastani asilimia 33.8 ya wanafunzi walifeli. Palipokuwa na kazi za darasani, asilimia 21.8. Pengo hilo si dogo. Lakini soma vizuri: darasa la “kushirikisha” kwenye tafiti nyingi kati ya hizo bado lilikuwa na maelezo ya mwalimu, yakikatizwa na kazi. Mhadhiri wa umati akisimama mara mbili kwa saa na kuwapa swali moja la maana kila mara, mpe heshima yake.

Kwenye semina mwalimu hana pa kujificha. Desturi imeshakuwa mbaya: kikundi cha watu kumi, wawili wameandika, wanane wameweka namba za usajili, mmoja anasoma slaidi, wengine wanasubiri zamu yao huku wakichati. Tazama jambo moja tu, namna msemaji anavyopatikana. Mwalimu akimchagua kwa kura pale pale, kikundi kizima kimelazimika kulala na kazi ile. Vikundi vya wanne au watano navyo ni bora. Kuanzia wa sita mtu anaanza kupata kivuli. Na mwisho wa uwasilishaji, je, swali la kwanza limetoka kwa nani? Likitoka kwa mwalimu kila wiki, semina ile ni mhadhara mdogo.

Ukitoka ukumbini, usiende ofisini kwa mkuu wa idara. Nenda steshenari, ile yenye mashine za fotokopi karibu na geti. Ulizia madesa ya kozi husika. Ukiuziwa majibu ya mitihani ya nyuma ya mhadhiri fulani, na muuzaji akakuhakikishia kwamba “huyu huwa habadilishi,” umepata ripoti ya ukaguzi ambayo hakuna kamati itakuandikia. Mtihani unaorudi kila mwaka huwafundisha wanafunzi mbinu moja, nayo wanaijua vizuri. Tafuta karatasi za miaka mitatu uziweke sambamba. Usidanganywe na vitenzi: “Jadili” inaweza kuwa “Taja” iliyovaa suti, kama jibu lote limo kwenye desa. Karatasi nzuri ina jambo ambalo hakuna aliyeliona darasani, kwa mfano kesi mpya, jedwali lisilofahamika au barua ya mteja, na inadai mtu atumie alichojifunza.

Tazama pia tarehe ya kurudishwa kwa majaribio. Jaribio la wiki ya tano likirudi wiki ya saba lina kazi. Likirudi siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho, ni alama tu za kujazia koswek. Na maoni ya pembeni: “Fafanua” haimsaidii mtu. “Hoja yako ya pili inaipinga ya kwanza, chagua moja” inamrudisha mezani.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo nitasema kidogo, kwa kuwa kwa maneno tayari yamesifiwa vya kutosha. Mahakama ya mfano kwa wanasheria, wadi kwa wanaosomea udaktari, fildi kwa karibu wote. Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, kilijenga mafunzo ya udaktari tangu 1990 juu ya kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya na jamii, na wazo hilo limeenea. Ila kwenda fildi si kujifunza. Fungua kitabu cha kumbukumbu cha mwanafunzi. Kikijaa “nilisaidia kupanga mafaili” chini ya saini isiyosomeka, mtu amepotezewa wiki nane. Msimamizi mzuri anapomtembelea huuliza kitu kimoja: ni nini kilichokwenda tofauti na tulivyokufundisha? Mwanafunzi mwenye jibu la swali hilo amekuwa kazini kweli.

Na zile fomu za tathmini wanazojaza wanafunzi wiki ya mwisho? Zisome, lakini kwa tahadhari. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliwagawa wanafunzi wa fizikia katika makundi mawili. Moja likasikiliza mhadhara uliopambwa, lingine likafanyishwa kazi. Waliofanyishwa kazi walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza. Kuchoka kwa akili kunafanana na kutoelewa. Kwa hiyo mhadhiri anayewatoa jasho atalalamikiwa katikati ya muhula, hasa asipowaeleza mapema kwa nini anafanya hivyo. Katika fomu, pita juu ya alama na utafute sentensi zinazotaja kitu: zoezi fulani, siku fulani, swali lililowakera. Mwanafunzi anayekumbuka alichokasirikia kwa jina amefundishwa.

Kipimo kikali kuliko vyote hakipo darasani kwa mhadhiri huyo. Kwenye Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua, na Scott Carrell na James West waliitumia bahati hiyo kuwafuatilia. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, walimu ambao wanafunzi wao walipata alama za juu katika hisabati ya kwanza walipewa tathmini nzuri, lakini wanafunzi hao walifanya vibaya zaidi kwenye kozi zilizofuata. Walimu wazoefu, waliokuwa na matokeo ya kawaida muhula ule, waliwaacha wanafunzi wakiwa na msingi. Kwa hiyo ukitaka kumjua mhadhiri wa Takwimu I, kanywe chai na wa Takwimu II. Muulize wanafunzi wa nani huwa hana haja ya kuanza nao upya. Atacheka kwanza, atatazama mlangoni, halafu atakutajia.