Sanda ya Vipande Vitano

Mkasi una kazi ndogo. Hutia alama ya upana wa kidole kwenye ukingo wa bafta, kisha huwekwa chini. Kinachobaki ni mikono. Mkata sanda hushika kitambaa pande mbili za ile alama, akavuta, na pamba ikapasuka kwa kufuata uzi wake yenyewe hadi ukingo wa pili, imenyooka kuliko mstari wa chaki. Mlio wake hufika ukumbini walikokaa wafiwa. Mazungumzo hukatika kidogo, kisha huendelea.

Bibi ninayemtazama anafanya kazi hii katika nyumba ya msiba huko Ng'ambo, Unguja. Mtaa mzima unamwita Bi mkubwa. Amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, jora la bafta liko ubavuni. Marehemu ni mwanamke, kwa hiyo vipande ni vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na mashuka mawili ya kuzungushia mwili mzima. Mwanamume hutosheka na vitatu, kama Mtume alivyokafiniwa mwaka 632 kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, bila kanzu wala kilemba, kwa masimulizi ya Bi Aisha.

Hatumii futi. Kabla ya kuanza alichana utepe mwembamba, akaingia chumbani, akaunyoosha ubavuni mwa maiti toka utosini hadi nyayoni. Sasa anaulaza utepe ule juu ya jora na kuongeza shibiri mbili kila upande, kwa sababu mashuka ya nje lazima yabaki na pa kufungia. Kanzu haishonwi. Anakunja kipande katikati, anakata mwanya wa shingo kwenye mkunjo, anaingiza ngumi yake kuhakikisha kichwa kitapita bila kulazimishwa. Mwanya ni mdogo. Anauongeza kidogo tu, anapima tena.

Chumba cha pili waosha wanaandaa maji. Majani ya mkunazi yametwangwa, yamekorogwa ndani ya ndoo mpaka maji yakatoa povu. Kafuri imetengwa kwa ajili ya maji ya mwisho. Utaratibu huu umepokewa kwa Ummu Atiya, mmoja wa wanawake waliomwosha binti wa Mtume. Waliambiwa waoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, ila iwe witiri. Walimsuka nywele mikia mitatu, wakailaza nyuma. Baba mtu akawatolea shuka yake mwenyewe ya kiunoni, akataka imguse mwanawe mwilini kabla ya nguo nyingine yoyote.

Vipande vikishachanwa, chetezo cha udi huletwa na kila kimoja hupitishwa juu ya moshi, mbele na nyuma. Halafu inakuja kazi ya kutandika, na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Kitakachofungwa mwisho ndicho kinachotangulia kulala mkekani. Kwanza kamba, zile tepe zilizochanwa pindoni, zimepangwa sawasawa kuanzia kichwani hadi miguuni. Juu yake shuka la kwanza, kisha la pili. Kisha nusu ya nyuma ya kanzu, na nusu ya mbele inakunjwa kuelekea kichwani, ikingoja kushushwa juu ya kifua. Shuka ya kiunoni inafuata. Ushungi unawekwa karibu. Bi mkubwa anaikamilisha safari nzima kichwani mwake, kutoka mwisho hadi mwanzo, na mkono wake hausiti.

Mabinti wawili wa marehemu wamekaa mlangoni. Hawajasema neno toka asubuhi. Bi mkubwa hawaambii wasilie.

"Mwanangu, hebu njoo unishikie pindo hili. Livute kwako. Hapo hapo."

Mkubwa anasogea na kushika. Mdogo anapewa kipande cha kafuri na kisahani, akiponde kwa vidole mpaka kiwe unga. Anaponda huku machozi yanatiririka, na hakuna anayemwondolea kisahani. Unga ule unachanganywa na sandali na marashi, unanyunyiziwa kwenye pamba itakayowekwa palipogusa ardhi wakati wa kusujudu: kipaji cha uso na pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Binti anaupanga mwenyewe kwenye sinia. Ana jambo la kumfanyia mama yake, na jambo hilo lina kipimo, lina mahali pake.

Mtoto anatumwa kutoka barazani. "Bi mkubwa, wanauliza kama tayari. Wanataka kuwahi sala ya alasiri."

"Waambie bado."

Anasema bila ukali, mkono wake ukiendelea kulainisha mkunjo begani mwa kanzu, mkunjo ambao muda si mrefu utafunikwa na mashuka mawili, kisha udongo.

Maiti ikishalazwa, upande wa kushoto wa shuka hurejeshwa kwanza, wa kulia ukaja juu yake. Jamaa huaga kabla uso haujafunikwa. Kamba hufungwa fundo la kuvuta, kwa maana mtu wa kaburini atalifungua ameinama ndani ya mwanandani, nafasi finyu, mwanga kidogo. Mkata sanda anamfikiria na yeye.

Siku hizi maduka huuza sanda zilizokwisha kukatwa, zimefungwa pamoja na pamba na kafuri. Zinasaidia, hasa usiku au ugenini. Lakini sanda ya paketi haimwiti binti mlangoni. Haina pindo la kumshikisha. Namwona Bi mkubwa akiukunjua mkono wa msiba kidole kimoja kimoja kwa kuupa kazi, na bila fundi mwenye subira kazi hiyo haigawanyiki.

Wasichana wa mtaani huitwa wajifunze, maana mwosha huoshwa. Leo mmoja wao alipewa ushungi auchane. Alivuta kwa pupa, kitambaa kikaacha uzi na kwenda mshazari. Akaganda, akamtazama bibi.

"Anza tena," Bi mkubwa akamwambia, akamsogezea jora. "Tia alama kwanza, ndipo uvute."