Povu Uvunguni: Tahakiki ya Tafsiri Moja ya Ufundi

Miongoni mwa kazi ambazo wafasiri huzidharau ni karatasi ya maelekezo. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji huchukia na kuiweka kando. Karatasi ya maelekezo ikifasiriwa vibaya, msomaji huifuata. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuitahakiki hapa karatasi moja ya namna hiyo, iliyotufikia kwa mkono wa mwalimu wa ufundi kutoka Nyasubi, kata iliyomo katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Karatasi hiyo inaeleza jinsi ya kupuliza povu la kuzuia joto chini ya sakafu ya nyumba. Haina jina la mfasiri, nasi hatulitafuti. Kusudi letu si kumwaibisha mtu bali kuyapima maneno.

Kwanza hatuna budi kukieleza kitu chenyewe, maana asiyekijua kitu hawezi kulipima jina lake. Povu linalozungumziwa ni la poliyurethani, kemikali iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Ni jamaa wa karibu wa sponji la magodoro, na ndilo linalojazwa katika kuta za friji nyingi. Fundi huwa na vimiminika viwili, na kimoja kati ya hivyo ni cha jamii ya kemikali ziitwazo isosianeti. Vimiminika hivyo hukutana kwenye mdomo wa chombo cha kupulizia, huvimba mara nyingi kupita ujazo wake wa awali, kisha hugeuka kuwa kitu kikavu kilichojaa vijumba vidogo mithili ya sega la nyuki. Gesi iliyonaswa katika vijumba hivyo ndiyo inayolizuia joto lisipite. Huko Marekani na Kanada nyumba nyingi za mbao haziikalii ardhi. Chini ya sakafu pana nafasi fupi ambayo mtu hawezi kuipita ila kwa magoti na viganja. Baridi na unyevu hupanda kutoka humo, na ndiyo sababu watu hupuliza povu.

Sasa tuitazame tafsiri. Kichwa chake kinasema: "Uhamishaji wa Nafasi ya Kutambaa". Tuliwasomea kichwa hiki watu kadhaa wasioiona karatasi. Hakuna aliyefikiri habari ya joto. Walidhani ni habari ya kuhama nyumba. Nao hawakukosea. Kitenzi "hami" maana yake ni kulinda au kutetea, kama tusemavyo kuhami nchi au kuhami viwanda. Wataalamu wa sayansi wamelijenga juu yake neno "kihami", yaani kitu kisichopitisha umeme au joto, na neno hilo halina kasoro. Taabu huanza kitenzi kinaponyambuliwa. "Hami" ikitendwa huwa "hamiwa". Na "hama" ikipata kauli ya kutendea huwa "hamia", nayo ikitendwa huwa "hamiwa" vile vile. Basi "nyumba iliyohamiwa" yaweza kuwa nyumba iliyokingwa, na yaweza kuwa nyumba iliyokwisha kupata wapangaji. "Uhamishaji" nao una hasara kubwa zaidi, kwa kuwa "uhamishaji wa joto" kwa kila msomaji ni kulitoa joto mahali hapa na kulipeleka pale. Mfasiri alitaka kusema kulizuia joto, akasema kulisafirisha. Istilahi inapotamka kinyume cha maana yake, haifai kutetewa kwa hoja kwamba shina lake ni sahihi.

Pili, "nafasi ya kutambaa". Hapa mfasiri ametafsiri kitendo cha fundi wa Kiingereza badala ya kukitaja kitu. Mtoto hutambaa sebuleni. Je, sebule nayo ni nafasi ya kutambaa? Lugha yetu ina neno la tangu zamani kwa nafasi fupi iliyo chini ya kitu kilichoinuliwa, nalo ni "uvungu". Tunasema uvungu wa kitanda na uvungu wa meza. Wahenga wametuambia kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, na ndani ya methali hiyo mna habari yote ya kuinama na kutambaa ambayo mfasiri aliihangaikia. "Uvungu wa sakafu" ni istilahi fupi, inaeleweka, na haihitaji maelezo. Nyumba za aina hiyo si ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, miongoni mwa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya maofisa wake zilikuwamo za mbao na mabati zilizoinuliwa juu ya nguzo. Kitu kilikuwapo na neno lilikuwapo. Kilichokosekana ni mfasiri kuinama.

Makosa hayo mawili yanachosha tu. Yanayofuata yanaweza kudhuru, na hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Karatasi yasema: "Acha povu lipone kwa saa 24 kabla ya watu kuingia." Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza ambalo kwa daktari lina maana ya kuponya, na kwa fundi lina maana nyingine kabisa, akachukua la daktari. Mafundi wa Nyasubi walicheka, kisha wakajitafutia maana yao wenyewe. Walisema: povu kupona ni povu kushika. Maana hiyo ni ya akili, lakini ni ya hatari. Povu hili hushika upesi mno. Baada ya dakika chache tu ukiligusa huliona kavu. Lakini kemikali zake huwa hazijamaliza kazi, na mvuke wake huendelea kutoka. Isosianeti huwasha macho na kifua, na huweza kumwachia mtu pumu isiyomtoka tena. Aliyekwisha kuathirika huweza kubanwa na pumzi hata kwa kiasi kidogo sana siku za baadaye. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja saa 24.

Ajabu ni kwamba mafundi hao hao wanayo maneno mawili yanayotenganisha mambo haya, nayo wanayatumia kila siku katika zege. Zege hushika kwa saa chache, lakini hukomaa kwa siku nyingi. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kila kibarua aliyewahi kumwagilia jamvi anajua kwamba zege lililoshika bado halijakomaa. Laiti mfasiri angaliandika, "Povu hushika kwa dakika, lakini hukomaa kwa saa 24, mtu asiingie kabla halijakomaa," hapana fundi wa Kahama ambaye angaliuliza swali. Neno sahihi lilikuwa mtaani, limesimama juu ya jamvi, likimngoja mwenye kuliokota.

Mahali pengine karatasi inaagiza: "Baada ya kupuliza, weka kizuizi cha joto." Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: je, povu lenyewe si ndilo kizuizi cha joto? Kwa hiyo ataliacha wazi akiamini kwamba amekwisha kutimiza agizo. Kumbe mwandishi wa asili alikuwa na maana ya ubao au plasta inayolifunika povu ili moto usilifikie upesi. Poliyurethani ni kitu kinachowaka, na moshi wake una sumu, ikiwamo monoksidi ya kaboni. Katika nyumba ambazo watu wanapika kwa mkaa na kuwasha mishumaa umeme ukikatika, kosa hili si la sarufi. Tunapendekeza "kifuniko cha kukinga moto", ili neno "joto" libaki kazini mwake na neno "moto" litajwe panapohusika.

Vivyo hivyo "kifuniko cha uso". Tangu mwaka 2020 watu wetu wanaijua barakoa, na mtu akiambiwa afunike uso atachukua ya kitambaa. Kitambaa hakizuii mvuke wa isosianeti. Anayepuliza katika nafasi finyu anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Maneno hayo ni marefu, twakiri, lakini bora istilahi ndefu inayomwokoa mtu kuliko fupi inayompoteza.

Baada ya kusema hayo, liko swali ambalo ni kubwa kupita maneno yote tuliyoyataja: karatasi hii iliandikiwa nani? Nyumba ya kawaida ya Nyasubi haina uvungu. Ina msingi wa mawe au tofali, kifusi kilichoshindiliwa, na jamvi juu yake. Ardhi iliyo chini ya jamvi haibadiliki joto upesi kama hewa. Mchana wa Oktoba sakafu hiyo ndiyo sehemu ya nyumba yenye nafuu, na mtoto huilalia kwa raha. Kuikinga ni kujinyima ubaridi wa bure. Joto la nyumba hiyo hushuka kutoka juu, kwenye bati, kwa kuwa chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko povu hili. Wazee wa Usukuma waliezeka misonge yao kwa nyasi nene, na jirani zao waliojenga tembe walijaza udongo juu ya paa; wote hao walikuwa wakitumia vihami bila kuwa na istilahi. Bati lilipokuja lilizuia mvua vizuri, likaruhusu jua.

Kwa hiyo mahali panapostahili kuzungumzwa Nyasubi ni darini, baina ya kenchi na silingi bodi. Iko mifano inayokaribia uvungu katika ukanda wa dhahabu, kwani kambi za migodi kwa kawaida hutumia vyumba vya kupachikwa vinavyoinuliwa juu ya vitako, vyenye kuta za bati mbili na povu katikati. Fundi anayeitwa kuvikarabati vyumba kama hivyo ndiye hasa anayeihitaji karatasi hii. Mfasiri mwema angaliongeza mstari mmoja juu kabisa: "Maelekezo haya ni ya nyumba zenye uvungu, kwa nyumba zilizojengwa juu ya ardhi, shughulikeni na dari." Wako watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Katika sheria na mikataba tunakubaliana nao. Katika maelekezo ya kazi mfasiri asiyesema neno humwachia msomaji gharama na hatari.

Tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yetu. "Kihami joto" liendelee kuwa jina la kitu. Kitendo kiitwe "kukinga nyumba na joto", na nyumba iwe "iliyokingwa". Tunajua kwamba "kinga" lina mzigo wake, maana kukinga maji ni kuyapokea na kukinga mvua ni kuizuia. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba kinachokingwa na kinachozuiwa vyote vitajwe. "Uvungu wa sakafu" lichukue mahali pa "nafasi ya kutambaa". "Kushika" na "kukomaa" yatumike kwa povu kama yanavyotumika kwa zege. Kwa aina mbili za povu, tunapendekeza "povu la vijumba wazi" na "povu la vijumba funge". Neno "seli" tungependa waachiwe wanabiolojia na magereza. "Kitundu" nalo lina sura ya kuvuja, hata "kitundu kilichofungwa" likawa neno linalojipinga lenyewe.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu wakati huo istilahi nyingi zimetungwa mezani. Nyingine zimeishi, nyingine zimekufa. "Ngamizi" halikuweza kuishinda "kompyuta". Fundisho tunalolipata Nyasubi ni kwamba kabla ya kutunga, mfasiri aende kwenye jengo na aulize. Mafundi wale hawakukosa neno hata moja katika haya. Walikosa mtu wa kuwauliza, na gharama ya kosa hilo wangeilipa kwa mapafu yao.