Heko kwa Wachonga Viko

Wachonga viko wa Karagwe na Kyerwa wanastahili pongezi. Wavumbuzi Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 walikaribishwa kwa pombe na tumbaku. Kiko kina heshima ya siku nyingi huku.

Shoka, tezo na kisu hutoa umbo la kiko. Kazi hasa iko kwenye tundu. Msumari wa moto huunguza njia taratibu mpaka ikutane na kitako cha bungu la tumbaku. Ikitokea juu mno, unyevu hutuama na moto huzimika. Fundi haoni ndani; mkono ndio unaomwongoza! Na mti sharti ukaushwe kivulini, maana mbichi hupasuka. Tumbaku inadhuru, naam, ila ustadi huu nausifu bila kusita.