Sifa kwa Mafundi wa Utando

Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani ilinasa wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mwaka 2017 wanafizikia watatu wakapewa Tuzo ya Nobel, na waliistahili. Sifa zangu mimi nazipeleka Villeurbanne, kando ya Lyon, Ufaransa, kwenye maabara ya LMA, ambako vioo vya mitambo hiyo vilipakwa utando.

Kioo cha LIGO kina uzito wa kilo 40 na ni angavu kama maji. Bila utando, leza inayopima mtikisiko huo ingekipenya ikaenda zake. Utando ni tabaka za oksidi ya silikoni na oksidi ya tantalamu iliyotiwa titani kidogo, zikipokezana, kila moja ikipimwa ili irudishe mwanga kwa hatua moja na nyingine. Ndani ya ombwe, ayoni hurushwa kwa kasi kwenye bamba la malighafi. Chembe hubanduka na kutua juu ya kioo kidogo kidogo. Kisha kioo huokwa tanurini. Tabaka zote kwa pamoja hazifiki hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele, na katika sehemu milioni za mwanga, inayofyonzwa haifiki moja.

Ngozi hiyo nyembamba ndiyo yenye kelele kuliko kioo chote. Wimbi la mvutano hukisogeza kioo kwa umbali mdogo mara mamia kuliko protoni, na chembe za utando, kwa joto lake, hutetema palepale mwanga unapogonga.

Basi poza! Ndivyo walivyofanya Wajapani katika KAGRA, mtambo uliochimbwa ndani ya mlima huko Kamioka. Vioo vyake vya yakuti samawi vilibuniwa vifanye kazi kwenye nyuzi 253 hivi chini ya sifuri. Yakuti ni fuwele, na baridi huituliza. Lakini oksidi za utando hazina mpangilio wa fuwele: baadhi ya atomu zina makao mawili na huhamahama kati yake, na katika baridi kali oksidi hizo huweza kupoteza nishati ya mtetemo zaidi ya awali.

Namna ya kupima upotevu huo inanivutia sana. Kisahani chembamba cha silikoni hupakwa utando, kikalazwa juu ya mgongo wa lenzi, kikakaa hapo kwa uzito wake tu. Hushtuliwa kwa umeme bila kuguswa, kisha fundi husubiri. Ni kama kengele: iliyo nzima hulia muda mrefu, yenye ufa hukata sauti. Utando unaozima mtetemo mapema ndio utakaopiga kelele mtamboni.

Utando mbadala unatafutwa: ule wa silikoni isiyo fuwele hutulia vizuri kwenye baridi, ila humeza mwanga. Mwaka 2013 watafiti wa Vienna walionyesha utando wa fuwele za galiamu, aseniki na alumini uliopunguza kelele mara kumi; lakini huo hukuzwa kwingine, ukabanduliwa na kubandikwa juu ya kioo, na kuutengeneza kwa ukubwa unaotakiwa ni kazi nzito.

Ulaya inapanga mtambo wa Einstein Telescope, ambao baadhi ya vioo vyake vitakuwa vya silikoni vilivyopozwa vikali. Utando wake bado unatafutwa. Kijana unayesoma kemia au fizikia, mwenye mkono mtulivu na subira, kazi hii inakuhitaji.