Bunduki ya Upepo Haipimwi kwa Mbio za Risasi

Kwenye kasha la bunduki ya upepo huandikwa mwendo wa risasi kwa tarakimu kubwa, naye mnunuzi mgeni hunasa hapo. Mara nyingi mwendo huo hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi ambazo mlenga shabaha makini hazigusi. Isitoshe, risasi ya kawaida ya upepo, yenye kiuno chembamba, huanza kuyumba inapoukaribia mwendo wa sauti.

Uliza jouli. Bunduki mbili za jouli 16, moja ikirusha risasi ya gramu 0.54 na nyingine ya gramu 1.03, zitatoa takriban mita 243 na 176 kwa sekunde. Mwendo umeachana mbali, nguvu ni ile ile.

Upana wa mtutu nao usikudanganye. Bunduki ya baruti ya .22 LR, aina iliyoanza 1887, inakaribiana kabisa kwa kipenyo na ya upepo ya milimita 5.5, lakini hutoa jouli 140 hivi. Milimita 4.5 hunyoosha njia ya risasi, 5.5 hupiga kwa uzito zaidi. Ile ya 6.35 iache kwa bunduki yenye nguvu. Kwenye dhaifu risasi hushuka upesi mno.

Wanaodharau nguvu ndogo waitazame Olimpiki. Kwenye mita 10 hutumika milimita 4.5, kwa bunduki za jouli 7 hivi, na alama ya kumi ni kitone cha nusu milimita. Ujerumani huruhusu hadi jouli 7.5 bila kibali cha kumiliki, ikigonga herufi F ndani ya pembe tano, na ndani ya mpaka huo Feinwerkbau wameunda bunduki za kuonewa wivu.

Ubora basi uko kwenye kurudia. Piga risasi kumi juu ya kipima mwendo: ya springi iliyotengenezwa vizuri haitofautiani kwa mita nyingi kati ya risasi ya kasi na ya polepole. Ikirukaruka, shuku kizibo cha pistoni kilichochakaa, au mafuta yanayowaka ndani. Ya kukunja, shika mtutu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza kwenye bawaba, rudisha. Kifyatulio kiwe na kituo kinachojulikana kidoleni kabla ya kuachia; kile cha Rekord cha Weihrauch bado ndicho ninachotumia kama kipimo. Mwisho jaribu risasi za chapa kadhaa, kwani mtutu mzuri nao huchagua.