Kioo, Msasa na Kabureta

Wiki nzima gari lilikuwa linatoa moshi mweusi, na kwa kuwa msimu wa pamba ulishaanza na gari lilihitajika, kila mtu pale Sapiwi, Bariadi, alikuwa na dawa yake. Badilisha plagi. Badilisha pampu ya mafuta. Tupa kabureta. Fundi aliitikia salamu za "mwangaluka" za wapita njia, akavuta kigoda chini ya mwarobaini, akamgeukia mwenye gari.

"Mzee, inazima ikiwa ya baridi au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto, mwanangu. Na inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi."

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya pikapu, injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Kabureta ni Zenith iliyong'olewa kwenye gari jingine, na kabla ya hapo huenda kwenye jingine tena. Kifaa cha namna hiyo huja na mikono ya wote waliowahi kukifungua. Kazi ya fundi, nilivyoiona siku ile, ilikuwa kuisoma mikono hiyo mmoja mmoja.

Hakuigusa kabureta kwanza. Alitoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa silinda zake. Zote zilikuwa na masizi makavu, sawasawa. Ingekuwa moja tu ndiyo nyeusi, angetafuta kasoro kwenye silinda ile. Nne pamoja zinaelekeza kwenye chakula chao cha pamoja. Hata hivyo akapima pointi, akaona nafasi iko karibu milimita 0.4 inavyotakiwa, akaangalia cheche. Moto upo. Hapo ndipo alipokubali kusogea kwenye mafuta.

Kabureta haina akili wala umeme wa kuiongoza. Hewa inapita kwenye koo jembamba, inakwenda mbio, mgandamizo wake unashuka, petroli inapanda kwenye tundu la jeti na kutawanyika kama ukungu. Wilhelm Maybach alitengeneza ya aina hiyo mwaka 1893, na tangu hapo hesabu ni ileile: karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Nyanda hizi za Bariadi ziko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kosa dogo la kuzidisha mafuta huonekana upesi.

Kisha akafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Kabla ya kuifungua skrubu ya mchanganyiko, aliikaza polepole huku akihesabu. Nusu mzunguko tu, ikagota. Akatabasamu. Kuna fundi aliyetangulia ambaye aliubana mlango wa mafuta karibu ufungike, na moshi ukaendelea. Maana yake petroli ilikuwa na njia nyingine.

Alipofungua kifuniko, floti aliitikisa sikioni: kimya, haijaingiza mafuta. Akaiinua kwa kidole na kupuliza kwenye njia ya petroli. Sindano ikaziba pumzi yake barabara. Jeti alizielekeza juani, matundu yakaonekana ya duara safi, akazipuliza kwa pampu ya baiskeli. Waya hatumii kamwe, kwa sababu shaba ni laini na tundu likishapanuka halirudi.

Mwishowe akasimamisha rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko. Katikati ulipita mwanga, mwembamba kama unywele. Miaka ya joto, na mikono iliyokaza skrubu kwa hasira, ilikuwa imekipinda. Oringi iliyokaa chini yake ilikuwa ngumu kama punje ya mtama. Petroli ilivutwa kupitia ufa huo moja kwa moja hadi kooni.

Alilaza kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza, juu yake msasa laini wenye matone ya mafuta, akaanza kukizungusha kifuniko kwa umbo la namba nane. Bila kukandamiza. Kila baada ya muda anakifuta, anakigeuza robo, anarudisha rula. Kivuli cha mwarobaini kilihama kutoka meza hadi kwenye tairi. Mzee aliuliza mara moja tu kama kimefika, akajibiwa, "Bado kidogo, mzee." Niliona alama ya kung'aa ikianzia pembeni, ikitambaa kuelekea katikati, mpaka uso mzima ukawa na rangi moja na rula haikupitisha mwanga.

Oringi mpya, gasketi mpya, skrubu zikakazwa kwa mkingamo, kila moja kidogo kidogo. Injini ilipopata moto, alifungua skrubu ya mchanganyiko huku ameinamisha kichwa, akapita pale mngurumo ulipotulia, akarudi. Ekzosi ilikuwa inatoa mvuke tu.

Halafu akachukua chaki na kuandika ndani ya boneti, kwa herufi kubwa, ili atakayefungua baada yake asianze kubahatisha: *mzunguko 1 na nusu*.